Goti Jipya: Siku Chache Wodini, Miezi Mingi Nyumbani

Kazi nyingi za Shishiyu hufanywa kwa kuinama na kuchuchumaa. Katika kata hii ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, pamba hupandwa Novemba na Desemba, hupaliliwa kwa jembe, na vitumba vikishafunguka huchumwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Choroko na dengu nazo humtaka mvunaji ainame hadi chini. Ndoo ya maji huinuliwa kutoka ardhini mpaka kichwani. Mwanamke akikutana na mkubwa wake hupiga magoti kumsalimu, jioni watu huketi kwenye vigoda vifupi kumenya viazi vya michembe, na choo cha wengi ni cha kuchuchumaa.

Goti likigoma, yote hayo hugoma nalo.

Ndiyo maana mtu wa huko akiambiwa na daktari kwamba goti lake limelika kiasi cha kuhitaji kubadilishwa, swali linalomtoka kwanza ni moja: nitalazwa siku ngapi? Nyuma ya swali hilo kuna mengine mengi. Nani atalisha ng'ombe? Nani atakaa na mgonjwa mjini, kwa fedha gani, na kwa nani? Je, msimu wa kulima utamkuta mgonjwa yuko wapi?

Kwa mgonjwa ambaye mambo yake yamekwenda sawa, jibu fupi ni kati ya siku 2 na 5. Lakini jibu hilo likichukuliwa peke yake humpotosha msikilizaji. Siku za wodini ndizo chache na ndizo zenye wasaidizi wengi. Goti jipya hufunzwa kukunja na kunyooka baada ya hapo, kwa wiki 6 hadi 12 za mazoezi ya kila siku, na huendelea kuimarika hadi mwaka mzima. Mgonjwa anayejua hivyo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji hujiandaa tofauti kabisa na yule anayehesabu siku za kitanda tu.

Nini hasa hubadilishwa

Ncha za mifupa inayokutana gotini hufunikwa na gegedu, tabaka laini na lenye utelezi linaloiwezesha mifupa kupishana bila kusuguana. Umri, uzito mkubwa, urithi wa familia, ajali ya zamani, pamoja na kazi za miaka mingi za kuchuchumaa na kunyanyua vitu vizito, huchangia kulimaliza gegedu hilo. Watu husema ute wa goti umekauka. Kwa kweli kilichoisha zaidi ni gegedu lenyewe, na mfupa sasa unakutana na mfupa mwenzake. Goti huuma usiku, hukakamaa asubuhi, na kwa baadhi ya watu mguu huanza kupinda kwenda nje au ndani.

Wakati wa upasuaji, daktari bingwa wa mifupa hukata kipande chembamba, takriban milimita 8 hadi 10, kwenye ncha ya mfupa wa paja na kwenye kichwa cha mfupa wa ugoko. Mahali pake huwekwa kofia ya chuma juu na sahani ya chuma chini, na katikati yake plastiki ngumu inayochukua kazi ya gegedu. Mara nyingi vipande hivyo hugandishwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Kazi yote huchukua kati ya saa 1 na 2, na wagonjwa wengi hufanyiwa kwa ganzi ya mgongoni bila kulazwa nusu kaputi.

Kwa hiyo lile goti la mgonjwa halitolewi lote. Misuli ni ileile, mishipa ni ileile, na ngozi ni ileile. Chuma hakiponi kwa sababu hakina cha kupona. Kinachohitaji muda ni nyama iliyokatwa na kuvutwa ili chuma kipite. Hapo ndipo maumivu ya wiki za mwanzo yanapotoka, na ndiyo sababu mazoezi yana uzito sawa na kisu cha daktari.

Kutoka wiki mbili hadi siku mbili

Mwaka 1968, Frank Gunston, daktari kutoka Kanada aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alibuni goti bandia lililofuata mwendo wa goti la asili kuliko bawaba za chuma zilizotumika kabla yake. Mwaka 1974, John Insall na wenzake katika Hospital for Special Surgery mjini New York walianza kutumia aina ambayo magoti mengi ya leo bado yanafuata umbo lake. Katika miaka hiyo, mgonjwa alitarajiwa kulala wodini wiki mbili au zaidi. Iliaminika kwamba mguu uliopasuliwa unahitaji utulivu.

Daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, ni mmoja wa waliobadilisha imani hiyo kuanzia miaka ya 1990. Aliuliza swali rahisi: mgonjwa huyu bado yuko hapa kwa sababu gani? Majibu yalikuwa yaleyale kila mara: maumivu, kichefuchefu, kizunguzungu, na udhaifu wa misuli unaotokana na kulala mno. Vyote hivyo vinaweza kushughulikiwa. Mgonjwa akielimishwa mapema, akipewa dawa za maumivu za aina kadhaa kwa vipimo vidogo badala ya moja kali, akila mapema na akisimamishwa siku ileile ya upasuaji, hupona haraka na hupata madhara machache. Leo ziko hospitali za Ulaya na Marekani ambazo mgonjwa aliyechaguliwa vizuri huenda nyumbani jioni ya siku aliyopasuliwa.

Kasi hiyo ina tahadhari yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulifuatilia wazee waliobadilishwa goti kupitia bima ya serikali ya nchi hiyo. Wastani wa siku za kulazwa ulishuka kutoka 7.9 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 3.5 katika miaka ya 2007 hadi 2010. Katika kipindi hichohicho, wagonjwa waliorudishwa hospitalini ndani ya siku 30 waliongezeka kutoka asilimia 4.2 hadi asilimia 5. Kumtoa mgonjwa wodini mapema kunafaa pale tu huko anakokwenda kuna mtu wa kumwangalia na njia ya kumrudisha haraka. Sharti hilo lina uzito mkubwa zaidi kwa mtu ambaye nyumbani kwake ni Shishiyu.

Siku za wodini zilivyo

Saa chache baada ya upasuaji, ganzi ikianza kuisha na mgonjwa akiweza kuchezesha vidole vya miguu, mtaalamu wa fiziotherapia hufika kitandani. Wagonjwa wengi hushtuka kuambiwa wasimame. Goti limevimba, bandeji ni nene, na dripu bado inaning'inia. Hata hivyo muuguzi hushika upande mmoja, mtaalamu upande wa pili, mgonjwa huketi kwanza ukingoni mwa kitanda hadi kizunguzungu kipite, kisha husimama akishikilia woka, yaani fremu ya kutembelea, na kupiga hatua tatu au nne. Goti bandia linaweza kubeba uzito tangu siku hiyo.

Kusimama mapema huko kuna sababu. Damu inayotuama kwenye mguu usiotikisika huweza kuganda, na donge la damu likisafiri hadi mapafuni huua. Ndiyo maana mgonjwa huagizwa achezeshe kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi kila saa akiwa macho, na hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe sindano au vidonge, ambayo huendelea kuitumia nyumbani kwa muda atakaopangiwa, mara nyingi wiki 2 hadi 5.

Siku ya pili mpira wa mkojo, kama uliwekwa, huwa umetolewa. Mazoezi huongezeka: kukaza misuli ya paja huku goti likisukumwa chini kwenye godoro, kuburuta kisigino kuelekea makalio, na kuinua mguu ukiwa umenyooka. Siku ya tatu mgonjwa hufundishwa ngazi. Kanuni yake ni rahisi kukariri: wakati wa kupanda tanguliza mguu mzima, wakati wa kushuka tanguliza mguu uliopasuliwa. Hata mtu asiye na ghorofa kwake ataihitaji kwenye kizingiti cha mlango na kwenye ngazi ya basi.

Daktari hamruhusu mgonjwa kwa kuangalia kalenda. Huangalia kama anaweza kushuka kitandani na kurudi bila kuinuliwa, kutembea kwa woka au magongo hadi chooni, kupanda ngazi chache, kula na kwenda haja, na kutuliza maumivu kwa vidonge bila sindano. Huangalia pia kama kidonda ni kikavu, na kama goti linanyooka vizuri na linakaribia kukunja nyuzi 90, yaani pembe ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha kawaida.

Wapo wanaobaki zaidi ya siku 5, na si ajabu wala mkosi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye upungufu wa damu, mwenye uzito mkubwa sana, mvutaji wa sigara, mwenye ugonjwa wa moyo, na aliyebadilishwa magoti yote mawili kwa pamoja, hawa huhitaji uangalizi mrefu zaidi. Mengi ya hayo hurekebishika kabla ya upasuaji. Sukari ikishushwa, damu ikiongezwa kwa chakula na dawa, jino bovu likitibiwa na kidonda cha mguuni kikaponywa, mgonjwa huwa amejipunguzia siku za kulazwa, na zaidi ya hapo amejipunguzia hatari ya vijidudu kuingia kwenye goti jipya.

Njia ndefu kutoka Shishiyu

Upasuaji huu haufanyiki kila hospitali. Unahitaji daktari bingwa wa mifupa aliyeufanya mara nyingi, chumba cha upasuaji kilicho safi kupita kawaida, na vipuri vya ukubwa mbalimbali ili kimoja kimkae mgonjwa sawasawa. Nchini Tanzania, jina linalotajwa kwanza ni Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Mgonjwa wa Shishiyu hafiki huko kwa siku moja. Rufaa huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya ya Maswa, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu ulipoanzishwa mwaka 2012. Kutoka hapo rufaa za Kanda ya Ziwa huelekea Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayoangalia Ziwa Victoria kutoka juu ya kilima. Kutoka Bariadi hadi Mwanza kwa njia ya Lamadi ni zaidi ya kilomita 150. Anayepelekwa Dar es Salaam anaongeza zaidi ya kilomita 1,000.

Umbali huo unabadilisha hesabu ya siku. Mkazi wa Ilemela jijini Mwanza au wa Kinondoni jijini Dar es Salaam akiruhusiwa siku ya tatu, anarudi kliniki kwa daladala au bajaji. Mtu wa Shishiyu akiruhusiwa siku hiyohiyo, anakabiliwa na saa nyingi za kukaa kwenye basi akiwa na goti lililovimba, na safari ndefu ya kukaa bila kutembea huongeza uwezekano wa damu kuganda. Nyuzi za kidonda hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Goti likikataa kukunja, mtaalamu anatakiwa aone mapema.

Kwa sababu hiyo, familia inayotoka mbali hufanya vyema kupanga makazi ya muda karibu na hospitali hadi nyuzi zitoke, kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga. Wiki hizo 2 zinampa mgonjwa nafasi ya kuhudhuria mazoezi mara kadhaa, kukaguliwa kidonda, na kusafiri akiwa tayari anatembea kwa uhakika. Siku ya kusafiri ikifika, akae kiti chenye nafasi ya kunyoosha mguu, ashuke basi likisimama, na achezeshe kifundo cha mguu njia nzima.

Kuna jambo la kuuliza kabla ya kuondoka: mazoezi yataendelea wapi? Si lazima mgonjwa arudi Dar es Salaam kila wiki kukunja goti. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo kadhaa, na wahitimu wake wanahudumu katika hospitali za mikoa na nyingine nyingi nchini. Barua ya daktari mpasuaji inayoeleza upasuaji uliofanyika, tarehe yake, na kiwango cha kukunja alichofikia mgonjwa, humwezesha mtaalamu aliye karibu na nyumbani kuendelea palipoachiwa. Barua hiyo iombwe kabla ya kufunga mizigo.

Mto uliowekwa kwa huruma

Nyumbani ndipo kosa la kawaida zaidi hutokea, na hutokea kwa mapenzi. Mgonjwa analalamika goti linauma. Binti au mkaza mwana anakunja kanga mbili, au anachukua mto, anauweka chini ya goti. Mgonjwa anapumua, goti limetulia likiwa limekunjwa kidogo, na wote wanalala.

Zikipita wiki 3 za namna hiyo, goti haliwezi tena kunyooka. Makovu yanayojijenga ndani yameganda yakifuata umbo lile la mto, na mgonjwa atatembea akichechemea kwa mguu mfupi. Mto unaruhusiwa chini ya kisigino tu, ili uzito wa mguu wenyewe ulinyooshe goti. Kama familia itakumbuka agizo moja tu kati ya yote, na liwe hilo.

La pili ni kidonda. Kisiguswe kwa majivu, mkaa, dawa za mizizi, wala samli. Goti lisichuliwe kwa maji ya moto, kwa sababu joto huongeza uvimbe katika wiki hizi. Baridi ndiyo inayosaidia. Penye barafu, ifungwe kwenye kitambaa. Pasipo na barafu, taulo lililolowekwa kwenye maji ya mtungi hufaa, mradi kidonda kisiloe. Uvimbe na joto la kiasi huweza kudumu miezi 3 hadi 6, na sehemu ndogo ya ngozi upande wa nje wa kovu inaweza kubaki na ganzi. Hayo ni ya kawaida.

Maumivu hupanda mgonjwa akishafika nyumbani, dawa za wodini zinapokuwa zimeisha mwilini. Dawa alizoandikiwa zinywewe kwa saa, na ni vizuri kuzinywa kama nusu saa kabla ya mazoezi. Hatari iko kwenye kuongeza diklofenaki kutoka duka la dawa bila kumuuliza daktari, kwani ikichanganywa na dawa za kuzuia damu kuganda inaweza kusababisha kutokwa damu tumboni.

Chakula hakihitaji anasa. Dagaa, sato, maziwa, mayai, maharage na choroko vina protini ya kujenga misuli, na mboga za majani pamoja na matunda husaidia choo, ambacho dawa kali za maumivu hukikausha.

Nyumba iandaliwe kabla mgonjwa hajaondoka kwenda hospitali. Kitanda na kiti viwe na kimo cha kumwezesha kukaa magoti yakiwa chini kidogo ya nyonga. Kigoda kiwekwe pembeni. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo cha shimo, na kufunga mti wa kushikilia ukutani. Kamba za mbuzi, ndoo na majembe viondolewe njiani, na tochi iwe karibu na kitanda, maana kuanguka usiku kunaweza kuvunja mfupa unaoshikilia goti bandia.

Goti linakunja kiasi gani

Swali hili halitajwi sana wodini, ingawa kwa mtu wa kijijini ndilo lenye uzito. Kukaa kwenye kiti huhitaji nyuzi 90. Kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi huhitaji nyuzi kama 105. Kuchuchumaa hadi chini huhitaji zaidi ya 130. Goti bandia kwa kawaida hufikia nyuzi 110 hadi 120, na mengi hutegemea goti lilikuwa likikunja kiasi gani kabla ya upasuaji.

Maana yake ni kwamba wagonjwa wengi watatembea, watapanda ngazi, watapanda basi na kwenda mnadani bila maumivu, lakini wengi hawatachuchumaa tena kama zamani. Kupiga magoti hakuharibu goti bandia kidonda kikishapona kabisa, ila watu wengi huliona jambo lisilo la raha. Jamaa waelezwe mapema, ili bibi anayesalimu akiwa amesimama, au muumini anayesali akiwa kwenye kiti, asihesabiwe kwamba amekosa adabu.

Kalenda ya goti na kalenda ya shamba

Upasuaji wa goti lililolika ni wa kupangwa. Si dharura. Mgonjwa anao uhuru wa kuchagua mwezi, na huko Simiyu uhuru huo una thamani.

Wiki 6 za kwanza ni za woka, magongo na mkongojo. Kuanzia wiki ya 6, wengi hutembea bila msaada ndani ya nyumba na karibu nayo. Miezi 3 ikitimia, mtu huweza kurudia kazi nyingi nyepesi. Kushika plau, kubeba gunia na kulima kutwa ni kazi za kusubiri ruhusa ya daktari, na wengine hushauriwa waziache moja kwa moja, kwani mizigo mizito huila plastiki ya goti.

Mkulima anayepasuliwa Oktoba hukutwa na mvua akiwa kwenye magongo, njia ya chooni ina tope, na kila mtu mwenye nguvu yuko shambani. Anayepasuliwa Julai au Agosti, pamba ikiwa imeuzwa, huwa na fedha mkononi, ardhi ni kavu, ndugu wana nafasi ya kumuuguza, na hadi mbegu zinapoingia ardhini Novemba ameshapata miezi 3 au 4 ya mazoezi. Hawezi kulima, lakini anaweza kusimamia. Tarehe hiyo ni ya kuzungumza na daktari tangu kliniki ya kwanza.

Gharama nazo zinataka mpango. Bei ya vipuri vya goti ni kubwa, na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilibuniwa kuhudumia kaya kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, wakati upasuaji huu uko juu ya hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na utekelezaji wake ni wa awamu. Mgonjwa aulize dirisha la bima kwa maandishi kinachogharimiwa na kisichogharimiwa, ikiwemo vipuri vyenyewe, fiziotherapia na woka, kabla ya kuuza hata ng'ombe mmoja.

Nani asubiri

Si kila goti linalouma linahitaji kubadilishwa. Hatua za kwanza ni mazoezi ya kuimarisha paja, dawa za maumivu, mkongojo ulioshikwa kwa mkono ulio kinyume na goti bovu, na kupunguza uzito. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo 1 anayopungua mwenye uzito uliozidi huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Papa Francis, aliyeteswa na goti hadi kutumia kiti cha magurudumu mwaka 2022, alisema wazi kwamba hakutaka kupasuliwa kwa sababu ya jinsi nusu kaputi ya upasuaji wake wa mwaka uliotangulia ilivyomwathiri. Ni uamuzi wa mgonjwa, na daktari kazi yake ni kumpa ukweli wote.

Ukweli wenyewe una matumaini. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti bandia 82 kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Hata hivyo, mgonjwa 1 au 2 kati ya kila 10 hubaki na maumivu au haridhiki na matokeo, na wachache, karibu 1 hadi 2 kwa kila 100, hupata maambukizi ndani ya goti, ambayo huweza kudai upasuaji mwingine mkubwa.

Ndiyo maana dalili hizi hazisubiri asubuhi: usaha au majimaji yasiyokoma kidondani, homa na kutetemeka, wekundu unaotambaa kutoka kwenye kovu, shavu la mguu lililovimba na kuuma, kifua kubana au kuishiwa pumzi ghafla, na goti lililokuwa likikunja kisha likagoma. Mwenye yoyote kati ya hizo apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa siku hiyohiyo, akiwa na karatasi zake za upasuaji.

Mgonjwa wa Shishiyu, Bariadi au popote mkoani Simiyu anayejiandaa kubadilisha goti, akikaa mbele ya daktari, aulize mambo matano: nifanye nini sasa ili nisikae sana wodini, nikae karibu na hospitali hadi lini, nani atanifanyisha mazoezi nikirudi nyumbani, goti langu litafika kukunja kiasi gani, na nimpigie nani nikiona hatari. Aende na ndugu atakayemuuguza, asikie majibu kwa masikio yake. Na hospitali isimruhusu mgonjwa anayetoka mbali kabla hajapata karatasi ya mazoezi, barua ya rufaa ya kurudi mkoani kwake, na namba ya simu inayopokelewa.